Akapona, Bas

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Wiki zote nilizokuja hapa Qurum kwenye kikao chetu nimekaa pale karibu na mlango, nakunywa kahawa yenu, nakula halwa yenu, na kila mmoja akisimulia kitabu kilichomliza, mimi natikisa kichwa tu. Leo zamu yangu. Nna kitabu kimoja, hiki hapa, hakina hata jalada. Na ili mkijue inabidi nikwambieni kwanza nilivyokauka, maana mimi, ndugu zangu, nilikauka.

Mama alifariki mwaka juzi, joto lilipoanza. Wengine wenu mlikuja kutupa pole. Mtakumbuka mlikuwa mnalia nyinyi, mimi nawamiminia kahawa. "Mashaallah, ana subira," mkasema. Wallahi nilifurahi kusifiwa, lakini haikuwa subira. Nilikuwa najitazama ndani sioni kitu, kama chumba kilichohamwa. Hata macho yenyewe yalikauka, yakawa yananiwasha, daktari akanipa chupa ya dawa ya kudondoshea. Nikawa mtu wa kununua machozi dukani.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani. Wangapi wanaishi hivyo. Lakini siku moja mwanangu aliteleza kwenye ngazi akapasuka mdomo. Yuko darasa la tatu, mtoto mdogo. Mimi nimesimama, naitazama damu sakafuni, nawaza itatolewa na sabuni gani. Akaniangalia usoni, akanyamaza mwenyewe. Tangu siku hiyo hakunijia tena. Akiumwa anakwenda kwa khalati, mdogo wake mama, tunayeishi naye. Baba yake mtoto kazi yake iko jangwani, huja na kuondoka. Na siku moja nikamsikia mwanangu akimnong'oneza khalati jikoni: "Yule si mama. Mama kenda na bibi."

Nilisimama nyuma ya mlango, na hata hapo sikulia. Ndipo nilipoogopa.

Basi nikaingia kwenye vitabu. Nilisikia kuna watu hununua kitabu makusudi walie, wakishalia wakapata usingizi mzuri. Nikawa nauliza kila mtu, ofisini, harusini, mpaka kwa msusi: kitabu gani kimekuliza wewe? Nikaletewa vya Kiarabu, vya Kiingereza, vya Kiswahili kutoka Unguja kwenye masanduku ya jamaa. Mayatima, wapenzi waliotengana, mzee anayemngoja mtoto asiyerudi. Nilivisoma kama mtu anayekunywa dawa, na kila nikifika pale walipoapa kwamba hapa utalia tu, nagusa shavu. Kavu. Nikaanza kuwachukia wanaolia. Nanyi nilikuchukieni kidogo, msininunie.

Kitabu kimoja sikukigusa, nacho ndicho hiki. Mama alikuja nacho kutoka Unguja. Mnajua sisi tuliozaliwa huku Omani: Kiswahili tunakizungumza tangu tunajua kusema, lakini skuli tumesoma Kiarabu, kazini Kiingereza, ukitupa ukurasa wa Kiswahili tunaukodolea macho. Kwa hiyo nyumbani kwetu Wattaya msomaji alikuwa mama. Baada ya alasiri wanawake wanakuja, wanakaa chini, mama anakaa kwenye mto wake dirishani anatusomea kwa sauti. Akichoka anachuma kijiti cha rehani, lile jani la kunukia, kwenye chungu cha mlangoni, anakitia ukurasa aliofikia. Na sisi tulimwamini. Akishasema kimeandikwa hivi, basi kimeandikwa hivyo.

Hadithi yenyewe ni ya mama mshonaji. Anamshonea binti yake kanzu ya Idi, gauni la mikono mirefu, anashikwa na maradhi, akawa anashona kitandani. Hapo chumba kizima kinalia. Halafu mama yangu anageuza ukurasa, anautazama kidogo, anasema: "Akapona, bas. Akamaliza kanzu, binti akavaa." Anakifunga. Nimekisikia hivyo maisha yangu yote, sasa kingenifaa nini? Mimi nilikuwa natafuta vitabu vinavyoishia vibaya.

Sasa sikilizeni, na mwenye khofu amsogelee mwenziwe.

Joto la mwaka jana niliingia chumbani kwa mama kutafuta mkasi. Chumba tulikiacha kama alivyokiacha. Kitabu nilikijua kiko kwenye rafu. Nikakikuta juu ya mto, dirishani. Ndani yake mna kijiti cha rehani. Kibichi, kinanukia. Na ile rehani ya mlangoni ilikufa mama alipokufa, hapana aliyeimwagia maji, chungu kimebaki vumbi tupu.

Nikakirudisha kwenye rafu. Siku chache baadaye kiko tena juu ya mto, na rehani imesonga mbele kurasa kadhaa. Ukurasa wenyewe una unyevunyevu, umekunjamana, kama mtu kaulilia. Nikamwuliza khalati, akaapa kwamba hajaingia mle tangu siku tuliyomtoa mama. Akasema tusomeshe kisomo, Kurani isikike nyumba nzima. Tukasomesha, udi ukafukizwa vyumba vyote, watu wakala wakaondoka, na rehani ikasonga tena.

Kisha ikaja sauti. Mnajua Muscat ilivyo alasiri ya joto: njiani hapana mtu, hata paka humwoni, ni mashine za baridi tu zinanguruma kwenye kuta. Narudi kutoka kazini, nafungua mlango wa gari, nasikia dirishani kwa mama mtu anasoma. Polepole, kwa sauti nzito, na kile kikohozi kidogo cha mama baina ya sentensi na sentensi. Nikibamiza mlango wa gari, sauti inakatika. Naingia, chumba kitupu, mto umebonyea na bado una joto. Khalati anakoroma chumbani kwake. Mwanangu yuko kitandani kwake, kajifunika shuka.

Nakwambieni jambo la ajabu: sikukimbia. Niliona wivu. Kwamba ndani ya nyumba yangu hata maiti anasoma na analia, mimi mzima nimeshindwa.

Siku moja gari likanizimikia kule kwenye maduka ya magari, magari mapya yananitazama kutoka vioo vyao. Nikaona kwetu si mbali, nikaenda kwa miguu. Nani anatembea kwa miguu Muscat wakati ule? Nilifika jasho linachuruzika, na kwa kuwa hapakuwa na mlango wa gari wa kubamizwa, sauti haikukatika. Nikavua viatu. Nikaenda ukutani ukutani mpaka mlango wa mama, ulikuwa wazi kidogo.

Kwenye mto, mgongo kwangu, amekaa mtu kajitanda leso ya mama, ile kanga yake ya nyumbani. Anayumba kidogo kama mama alivyokuwa akiyumba. "Mshonaji akauvuta uzi," anasoma, "akaona mkono wake umekuwa mzito." Akakohoa.

Nikasema, "Mama?"

Kichwa kikageuka. Alikuwa mwanangu, miwani ya bibi yake imemshuka puani, na machozi yanamtoka. Kwa sauti ile ile, ya bibi, akaniambia: "Subiri, nimalize hapa." Akamaliza. Mimi nimeshikilia mlango.

"Nani kakufundisha kusoma hiki?"

"Bibi," akasema, sasa kwa sauti yake. "Alinipakata, akanionyesha kwa kidole."

"Na mbona unasoma kwa sauti yake?"

"Ndivyo kinavyosomwa." Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Halafu akasema, "Mama, bibi alikosea. Yeye kasema akapona. Hapa hakupona."

Akanisogezea kitabu, akaweka kidole. Nikakaa chini. Nilisoma neno moja moja, midomo inacheza, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Na kweli hakupona. Mshonaji amekufa, kanzu ina mkono mmoja. Siku ya Idi binti akaivaa hivyo hivyo, mkono mmoja nje, na kila anayemwuliza anamjibu: mama bado anashona.

Ndugu zangu, siku ya mwisho hospitali nilimshika mama mkono nikamwambia, utapona. Alinitazama kidogo, kisha akasema: "Nitapona, bas." Nami nikachukua mkoba wangu nikaenda kazini. Nilimwamini kwa sababu yeye ndiye msomaji. Kumbe alikuwa ameshauona ukurasa wa mwisho, akanifungia kitabu.

Hapo nikalia. Msifikirie kilio cha uzuri, cha kitambaa pembeni mwa jicho. Nililia kwa kamasi, nililia mpaka koo likachubuka. Na mwanangu, ambaye zaidi ya mwaka hakunigusa kwa hiari yake, akaja akakaa mapajani mwangu na leso ya bibi yake kichwani, akanipangusa kwa ncha ya leso, akasema: "Endelea, mama." Tukaendelea mpaka neno la mwisho.

Khalati alikuja mbio, alidhani kuna msiba mwengine. Alipokiona kitabu akakaa hapo hapo chini. Ndiye aliyenambia, maana mimi sikumbuki. Nilipokuwa mdogo mama alikisoma mpaka mwisho mara moja tu. Nililia homa ikanipanda, nikakataa kuvaa nguo yoyote yenye mikono. Mama akaapa hatausoma tena mwisho ule mimi nikiwemo. Na wanawake wote wa kile chumba walijua, miaka yote hiyo, wakanyamaza kwa ajili yangu. Baadhi yenu mlikuwemo. Nawaona mnatazama chini. Mungu akulipeni, na mnisamehe kwa chuki yangu.

Nilimwuliza mwanangu jambo moja tu: "Na rehani ulikuwa unaitoa wapi?"

Akashangaa. "Naikuta tu. Nilidhani unatia wewe, ili nijue nilipofikia."

Sikumwuliza tena. Kile kijiti cha mwisho kiko hapa, ukurasa wa mwisho, kimekauka sasa kama jani lolote. Tangu tumalize hakijaonekana kingine. Khalati anataka tusomeshe tena kisomo, mimi nimemwambia aache.

Basi ahsanteni. Namshukuru khalati aliyemlea mwanangu nilipokuwa sipo, na mwenyeji wetu aliyenialika na hakuniuliza kwa nini silii. Funzo langu ni dogo: mama alinipenda, lakini mapenzi yale yaliniacha sijui kulia. Watoto wetu wasomeeni mpaka mwisho, muwe nao hapo, mlie nao.

Sasa nitakusomeeni. Nitasoma polepole, mwanangu kakaa hapa anirekebishe. Karatasi za machozi ziko katikati. Na ule mto wa mama niliokuja nao, pale dirishani, nakuombeni, asiukalie mtu.