Mzee Halivuji na Mpira wa Kifuani

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 11 Februari 1956, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970, na mwaka 1974 akapata cheti cha ufundi bomba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani.

Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitatu. Akimaliza kuunga bomba haondoki: anafungua maji, anavuta kigoda, anakikodolea macho kiungo robo saa nzima, ndipo anasema, "Halivuji." Jina likamganda. Nusu yenu mliofika hapa mmeoga leo kwa mabomba yake.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa mama yetu, mwalimu wa chekechea, aliyefahamiana naye alipoitwa kutengeneza koki ya shule. Alirudi kuikagua mara tatu. Mama anasema koki ilikuwa imeshapona. Fundi ndiye aliyekuwa na tatizo.

Mwaka 2017 figo zake zilishindwa kazi. Mishipa ya mkono ilijaribiwa mara mbili ikakataa, na tarehe 6 Machi 2018 akawekewa mpira wa kudumu wa kusafishia damu kwa mashine. Madaktari walimtia ganzi tu, hivyo alikuwa macho. Mpira uliingia kwenye mshipa wa shingo ukateremka hadi mlangoni mwa moyo, na mkia wake ukapitishwa chini ya ngozi ukatokea kifuani, wenye vichwa viwili, chekundu na cha buluu. Aliporudi nyumbani alitukalisha kitako, macho yanamng'aa.

"Damu inatoka huku, inaoshwa, inarudi huku," alisema. "Na hakuna kinachovuja. Wanangu, mimi nilikuwa nacheza tu. Wale ndio mafundi."

Mwezi Mei aliona kifuniko cha kichwa kimoja kama kimelegea. Badala ya kupiga simu hospitali, alikifungua, akakizungushia ile tepu nyeupe ya bomba, akakaza. Kesho yake homa ikampanda, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Alilazwa siku kumi na moja, mpira ukabadilishwa, na daktari akasema waziwazi kwamba sehemu za kuweka mwingine zimebaki chache. Muuguzi aliyeikuta tepu hakugomba.

"Baba, hapa ukifungua, umefungua moyo," alimwambia.

Baba aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakuugusa tena. Bandeji ilibadilishwa na muuguzi peke yake, wote wawili wamevaa barakoa. Mkasi uliondolewa chumbani mwake, usije ukaukata. Wajukuu waliruhusiwa kumkumbatia upande wa kushoto tu. Na kwa sababu mpira haukutakiwa kulowa, yeye aliyewafikishia watu maji mtaa mzima alijifuta kwa kitambaa na beseni, miaka sita. Beseni nilimjazia mimi, binti yake wa pekee, na nakiri masharti yake yalinichosha. Leo nastaajabu. Ile mikono mizito ya spana ilijifunza kutulia, na homa ile haikurudi tena.

Alikuwa akiniambia, "Siku wakiutoa huu, nitajifungulia bomba mpaka tanki likauke."

Alifariki tarehe 22 Juni 2024, saa mbili asubuhi, moyo ulipochoka. Muuguzi yule yule ndiye aliyeutoa mpira. Aliangalia lile tundu dogo kifuani, akasema, "Kavu kabisa," kisha akalia. Kaka zangu walimwosha bafuni kwetu, kwa bomba alilolifunga mwenyewe. Niliwaambia wafungue maji yote. Nikasimama nje ya mlango nikiyasikia yakimwagika, na hakuna aliyeyafunga mpaka tanki lilipokauka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na muuguzi aliyemwita mwanangu.

Mungu ampumzishe mahali ambapo maji hayakatiki.