Mwalimu Justa na Amiba wa Kisima Chetu

Marehemu Mwalimu Justa Beda alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji chetu hiki, nyuma ya Chala, mtoto wa pili wa Mzee Beda na Bi Monika. Wa kwanza ni baba yangu, Theodory, aliyeketi pale mbele.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Sumbawanga mjini, na mwaka 1995 akahitimu diploma ya ualimu. Alihitimu kweli, si kama mimi niliyeishia njiani.

Alifundisha Biolojia mjini miaka ishirini na tisa, akiishi Mazwi. Somo lake la seli hakuna aliyelisahau. "Amiba ni mpangaji wa chumba kimoja," alikuwa akisema, akinigeukia mimi. "Ana seli moja tu: anakula humo, anapumua humo, uchafu anatoa humo, na akitaka kuzaa anajigawa vipande viwili. Wewe Oswaldi una seli zisizohesabika, zimegawana kazi kama nyumba yenye jiko, sebule na choo. Sasa mbona unajibu mtihani kama unayo moja?"

Mwaka 1998 alifunga ndoa na Bwana Isdori, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando. Bwana harusi anasema asubuhi ya kwanza alitegemea chai, akaambiwa asubiri, jiko limeshikwa na maji ya kunywa yanayochemshwa.

Pasaka ya mwaka huu tulizunguka chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mirija ikihama mdomo hadi mdomo. Pombe ilikuwa ya moto mno, baba akaipooza kwa maji ya kisima.

"Kaka, hayo yamechemshwa?"

"Dada, mji umekuharibu. Kiko wapi hicho kidudu?"

"Hakionekani. Kina seli moja tu."

"Seli moja! Pande la mtu kama mimi, itanifanya nini?"

Watu wakacheka. Shangazi, kwa heshima ya kaka yake, akavuta mrija.

Kisima hicho kiko bondeni, chini ya mikaratusi ambako ukoo mzima, wenye nyumba za bati na choo hata kimoja hatuna, tunakwenda kujisaidia. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka. Inatia kinyaa kuyasoma haya mbele ya padre, lakini kuyanywa tumeyanywa.

Mwezi Mei alianza kuhara damu. Amiba wakapanda hadi kwenye ini, likatunga usaha. Daktari alipotaja ugonjwa, Shangazi alitabasamu: "Mwambieni kaka, kile kidudu kimeonekana." Alifariki tarehe 27 Juni.

Amiba ana udhuru, hana chumba kingine. Sisi tuna jiko na sebule, na bado uchafu wetu tunaurudisha kwenye kikombe.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Lazaro na Josefina, na kaka ambaye tangu msiba uingie hajala. Alfajiri ya leo alisimamisha kigingi cha choo upande wa pili wa nyumba, mbali na kisima, akasema neno moja: "Chimbeni."

Pumzika, Shangazi, umefundisha vya kutosha. Na ninyi vijana mliochimba kaburi, majembe msirudishe. Kuna shimo la pili.