Lavement ya Figo

Pirogi ya injini ilikuwa katikati ya mto, ikielekea Lubunga, fundi cherehani mmoja akimwambia mama muuza maharage aliyekaa kando yake, kwa sauti ya kushinda injini: "Docteur anasema figo yangu inatulia. Watafiti waliona hii dawa yangu ya ugonjwa wa sukari inalinda figo pia." Mama akabisha: "Bon, mais lavement, mizizi ya kupitisha kwa nyuma, njo inasafisha." "Njo ile ilianza kuniua, mama." "Pengine ulizidisha."

Nyuma yao abiria mwingine, Wivine, alikuwa akiwasikiliza, amekumbatia chupa ya mizizi ya kumtibu mumewe. Wiki nzima amegombana na mumewe mwenye sukari, ambaye kila akiona mpira wa lavement hutorokea kwa jirani. Pirogi ikagusa ukingo. Wawili wakashuka wakibishana. Wivine akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa kumpa mume mbishi.