Mzee Harith na Ufa Uliopotea

Baada ya miaka thelathini na moja ya kukereza mbao katika karakana yetu hapa Thamesmead, London, Mzee Harith Khamis anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Ndivyo anavyosema yeye. Mimi Winifrida wa stoo nitaamini Jumatatu, nikiona aproni yake haipo msumarini.

Alizaliwa Wete, Pemba, akafika London kijana, akaosha vyombo hotelini kabla hajaishika mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mti huku ukichongwa. Tangu hapo amekereza miguu ya meza, vinara vya kanisa moja la Peckham, nguzo za mimbari, na vifimbo vya chapati ambavyo nusu ya mtaa wa Kingsbury wanasukumia hadi leo. Anaimba vibaya mno. Chai yake ina sukari ya kutisha.

Kazi yangu stoo ni kutoamini. Gundi ikipungua nauliza, msasa ukiisha nauliza, na wenzangu hununa. Mzee Harith hakununa hata mara moja. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana mtu asiyekasirika ana lake jambo.

Msimu wa baridi uliopita alikuja Mama Rupinder, mzaliwa wa Kisumu, mjane wa Kingsbury, amekumbatia gogo la elm, mti wa huku Ulaya, kwenye mfuko wa sokoni. Mti huo marehemu mumewe aliukuta mchanga bustanini, akautunza mpaka ukaugua ukakatwa. Hilo gogo ndilo pekee lililobaki. Alitaka kopo dogo la kuwekea iliki, akae nalo jikoni. Karakana nyingine zilikuwa zimemkatalia, na sababu ilionekana: gogo lilikuwa na ufa. Tena si ufa wa kupita upande mmoja, ulizunguka ndani kama pete, ukatenga moyo wa mti na nyama yake ya nje. Gogo la namna hiyo likizungushwa kwa kasi linaweza kupasuka likamtoa mtu meno. Na likipasuka, hakuna jingine.

Mzee Harith alilipokea akitabasamu. Mimi nikasema moyoni, haya, tutaona.

Yaliyofuata hayakunipendeza. Aliifunika mashine kwa shuka. Alilifunga gogo kwa utepe kama mgonjwa, akalizungusha polepole, na kila nikipita anaanza kuimba. Nikamwona anaviringisha kitu kwenye leso na kukitia ndani ya kopo lake la chakula. Nikamuuliza ni nini, akanijibu ni mandazi ya Bi Ummukulthum, mkewe. Mandazi gani yanagonga kopo kama jiwe? Jamani!

Kopo la iliki likatoka. Limepakwa mafuta, limesuguliwa kwa nta ya nyuki, mistari ya mti inacheza, mfuniko unakaa kimya. Ufa haupo. Nikaligeuza huku na huku, nikaleta tochi, ufa haupo! Nikakimbilia stoo kuangalia kama elm yetu imepungua, nikaikuta yote. Basi kanunua nyingine nje, nikasema. Roho iliniuma, kwa sababu yule mama angekaa jikoni kwake miaka yote akipapasa mti wa watu wengine, na asijue.

Siku alipokuja kulichukua nilishindwa kunyamaza. Nikauliza mbele ya watu wote, na mbele ya mkuu wetu Bi Kalpana, ule ufa umekwenda wapi.

Mzee Harith hakujitetea. Alifungua kopo lake la chakula, akaifungua leso, akatoa kipande cha moyo wa lile gogo. Akatueleza kwamba hakupigana na ufa, aliufuata. Alichimba mpaka moyo ukaachia wenyewe, na ule mzunguko wa ufa ukawa ndio ukuta wa ndani wa kopo. Kitako na mfuniko alivikata kwenye moyo huohuo. Mama Rupinder akakichukua kile kipande kilichobaki, akakijaribu koponi. Kikagoma. Akakizungusha kidogo, kikashuka taratibu kikakaa mahali pake, mistari ikakutana na mistari. Alilia palepale, akasema haki ya Mungu, ni huu huu. Na mimi nililia, ingawa nilikagua tena kwa tochi.

Nilipomuuliza kwa nini alikificha kipande kile, alisema alijua nitauliza, na alitaka niulize yule mama akiwepo, asikie kwa masikio yake.

Kwa umahiri huo na subira hiyo, Mzee Harith, karakana nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, wewe na Bi Ummukulthum, na mjukuu wa kumfundisha kuimba vibaya.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Bi Kalpana. Mzee Harith ndiye aliyeomba niuandike mimi. Nikashuku, nikamfuata kumuuliza ana nia gani. Akanijibu kwamba akisifiwa na mwingine yeyote, watu watadhani ni adabu tu ya kuagana.