Mzee Sadock na Vibonge Kumi na Viwili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Sadock Mwalongo atafunga karakana yetu ya Njombe kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi minne tangu Shirika la Tiba Vilimani limwajiri, Machi 1993. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu huu kwa sababu hakuna mtumishi aliyegombana naye kuliko mimi. Mara nyingi tuligombania spana, ambazo alikuwa akizichukua bila kusaini na kuzirudisha bila kuaga.

Alizaliwa mwaka 1965, mtoto wa tatu katika familia ya wakulima wa viazi na mahindi nje kidogo ya mji wa Njombe. Ufundi alijifunza kwa kutengeneza baiskeli za majirani. Alipoajiriwa tulikuwa na pikipiki mbili na gari moja lililokuwa likiwaka siku linapotaka lenyewe. Jumapili huimba besi kwaya ya kanisani kwake, na wanaokaa benchi la mbele wanasema vioo vya madirisha huitikia. Kazini, kinyume chake, ni mtu wa maneno machache. Ripoti zake ninazo zote stooni, na nyingi zina neno moja tu. Gari likivunjika springi, pikipiki ikizama mtoni, baiskeli ikipinda rimu, yeye huandika mwishoni mwa siku: "Imepona." Wakaguzi wa makao makuu walimwelekeza mara tatu aeleze zaidi. Mara ya tatu aliandika: "Imepona kabisa."

Maneno aliyowanyima wakaguzi aliyapa magurudumu. Kila asubuhi huliinua gurudumu la kwanza mezani na kulisalimia kwa Kibena, lugha ya kwao, "Kamwene," kisha hulizungusha akisikiliza. Tulimcheka mwaka wa kwanza. Baadaye tuliona kwamba magurudumu yanayosalimiwa hayarudi karakana haraka, tukanyamaza.

Sasa nije kwenye vibonge. Mwaka 2018 tulipokea baiskeli kumi na mbili za matairi manene kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijiji vya Ludewa, na kwa unene wa matairi hayo tukaziita vibonge. Zilikuwa nzuri ajabu kwenye tope na changarawe, mradi upepo uwe kidogo. Lakini tyubu ndani ya tairi lenye upepo kidogo hubanwa na rimu kwenye kila jiwe, na njia za kule zina mawe na miiba pia. Haukupita mwezi kibonge kisipate pancha tano. Kufikia Juni 2019, baiskeli nane zilikuwa zimeegeshwa, na mkurugenzi wetu, Mama Janeth Tweve, akaamua zote zihamishiwe mkoa mwingine wenye barabara nzuri mwishoni mwa Julai. Hakuna aliyemlaumu.

Aliyeumia ni Conjesta Haule, mhudumu wetu wa kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto huko Ludewa. Alikuja Njombe kwenye kikao, akapita karakana akiwa bado na mfuko wake begani. "Baba, kibonge changu nakisukuma kuliko ninavyokipanda," alimwambia Mzee Sadock. "Lakini wakikichukua nitarudi kwenye miguu, na wagonjwa wangu wa ng'ambo nitawaona mara moja kwa mwezi. Kuna wawili hawawezi kusubiri mwezi." Mchana huo Mzee alikwenda kwa Mama Janeth kuomba kwamba akivitibu vibonge kabla ya mwisho wa Julai, visihamishwe, naye akakubali.

Alichotaka kufanya ni kuondoa tyubu kabisa, kama ilivyo kwenye magari. Kwa kibonge si jambo jepesi, maana rimu yake imetobolewa matundu makubwa ili iwe nyepesi, na upepo hupita humo kama maji kwenye chekeche. Alichukua tyubu ya baiskeli ndogo, akaipasua kwa wembe mzunguko mzima, akaitandaza juu ya rimu ikafunika matundu yote, valvu ikitokezea kwenye tundu lake. Tairi likakaa juu yake, na kingo za tyubu zikabaki zimening'inia nje pande zote mbili. Kilichobaki ni kupiga upepo kwa nguvu ya ghafla ili tairi lirukie rimu na kubana. Pampu yetu ya mkono haikuweza. Alipiga pampu hadi akavua koti, na Njombe mwezi wa Julai mtu havui koti.

Basi alipakia magurudumu kwenye kosta, akashuka nayo Makambako, kwa fundi Abrahamu wa Lyamkena anayeziba matairi ya malori. Abrahamu ana kompresa kubwa na hana subira. Walipaka povu la sabuni, wakafungulia upepo, na tairi likaingia kwenye rimu kwa mlio uliowafanya madereva watatu wa malori waache chai na kwenda kukagua matairi yao. Kisha zile kingo zilizoning'inia zikakatwa kwa wembe. Gurudumu lilishika upepo.

Lakini bila ile dawa nyeupe ya maji inayomiminwa ndani ya tairi ili izibe tundu mwiba unapopita, kazi ilikuwa nusu. Dawa ilitoka Dar es Salaam kwa basi, na chombo chake kilipasuka njiani. Mzee aliiokoa pale Makambako kwa kuihamishia kwenye dumu safi la lita tano. Aliporudi nayo Njombe aliona inaanza kuwa nzito kwa baridi, akaiweka jikoni kwetu, karibu na jiko, ipate joto.

Hapa ndipo wasifu huu unapokuwa ungamo. Wote mnalifahamu bango jekundu la jikoni lisemalo SIYO MAZIWA. Wageni hulicheka, na kila mmoja wenu ana hadithi yake kuhusu lilivyofika pale. Hadithi ya kweli tunaijua watu wawili.

Kila Jumanne jirani wa ofisi hutuletea maziwa kwenye dumu la lita tano. Jumanne ile mpishi wa chai alikuwa na ruhusa, kukawa na kikao cha watu ishirini, na mimi nikajitolea kupika. Nilikuwa na mafua makali, sisikii harufu ya kitu chochote. Nikaona dumu karibu na jiko. Nikamimina sufuria ikajaa, nikatia tangawizi. Yalipoanza kuwa mazito nilifurahi, nikajua ng'ombe wa jirani amepata majani mazuri. Nikakoroga. Nikakoroga tena, na safari hii mwiko haukurudi.

Mzee Sadock alinikuta nimeshika mwiko, na sufuria inaning'inia chini yake. Nilikuwa nalia waziwazi, maana nilijua nilichokipika ni njia ya Conjesta. Zilibaki siku kumi na mbili, na dawa nyingine isingefika kabla ya Agosti. Aliutazama ule mpira, akaubonyeza kwa kidole, kisha akatikisa dumu na kusikiliza kama anavyosikiliza magurudumu.

"Dada Oktavia, usilie," alisema. "Imebaki ya baiskeli moja. Na sasa tunajua inaganda."

Mama Janeth aliambiwa kwamba dawa imepungua, na hilo lilikuwa kweli. Alipouliza baiskeli moja itathibitisha nini, Mzee alijibu, "Basi mama, hiyo moja ipite njia mbaya kuliko zote." Wakakubaliana: kibonge cha Conjesta, siku kumi, kwenye njia zake za kawaida. Kikipata pancha moja tu, vyote kumi na viwili vinaondoka. Mzee aliimimina dawa kupitia valvu, tone kwa tone, akayazungusha magurudumu na kuyalaza upande huu na ule kwa saa nzima, kisha akakipeleka kibonge Ludewa yeye mwenyewe, kimefungwa juu ya gari.

Siku kumi zile sikula vizuri. Kila simu ya Ludewa ilipoita nilitoka nje. Conjesta alirudi siku ya kumi na moja, kibonge juu ya basi, na Mama Janeth akatoka kukipokea uani mbele ya watumishi wote. Kwenye tairi la nyuma tulihesabu miiba saba, imevunjikia humohumo, kila mmoja na kidoa cheupe kilichokauka, na msumari mmoja wa kiatu. Mama Janeth akaomba koleo, akaung'oa ule msumari kwa mkono wake. Tairi lilipiga mluzi. Mzee alilizungusha taratibu, mara mbili, mluzi ukafifia, ukakoma. Conjesta akapanda, akazunguka uwanja, akacheka.

Vibonge kumi na viwili vipo mpaka leo, na vingine tisa vimeongezeka. Mafundi wa mashirika mengine wamekuja kujifunza, na Mzee amewafundisha wote kwa maneno yasiyozidi ishirini. Wale wagonjwa wawili wa Conjesta mmoja ametutangulia, akiwa ametunzwa vizuri. Wa pili ametuma gunia la viazi kwa ajili ya sherehe hii.

Mama Janeth, miaka sita nimekaa kimya, na kosa lilikuwa langu. Mzee angeweza kujikinga kwa kunitaja, na hakufanya hivyo hata nilipomnyima spana. Juzi nilimwomba ruhusa niandike haya. Alisema nifanye ninavyoona, akaingia karakana, akatoka na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ni ule mpira, mviringo kamili wa sufuria yangu, na kipande cha mwiko bado kimesimama katikati. Kumbe ndio uliokuwa ukizuia mlango wa karakana usijifunge kwa upepo, miaka yote hiyo, na mimi nikiuruka kila siku bila kuutambua.

Kwa niaba ya wenzako wote, Mzee Sadock, asante kwa kazi, kwa ukimya, na kwa subira. Mungu akupe miaka mingi ya afya na Mama nyumbani, viazi vistawi, na sauti yako ya besi iendelee kutikisa vioo. Spana namba kumi na tatu bado unayo. Nimeifuta kwenye daftari, ni yako.

Na ule mpira nimeuweka stooni, juu ya meza yangu, umegeuzwa. Sikuona mpaka nilipougeuza kwamba chini yake, kwa kalamu nyeusi, ameandika ripoti yake ya mwisho: "Imepona."

Oktavia Mgimba
Mtunza Stoo