Dirisha la Fundi Vitufe

Wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na kikao cha familia kimenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo kikao kiliniomba niparuke.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Vitufe, alizaliwa tarehe 11 Machi 1969, katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa pili kati yetu watatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1976 na kumaliza sekondari mwaka 1986, ambako alichapwa kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu, kisha akaombwa na mwalimu huyo huyo aifungue tena, maana ilikuwa haijawahi kuimba vizuri namna ile. Novemba 1989 alihitimu chuo cha ufundi.

Februari 1990 aliajiriwa katika duka la vyombo vya muziki, na huko ndiko alikokutana na sintesaiza, vile vinanda vya umeme vya zamani vyenye safu za vitufe vya kuchagulia sauti, vitufe ambavyo vikishabonyezwa miaka mingi huzama, hunata, maandishi yake hufutika, na mpiga kinanda akitaka filimbi anapata tarumbeta. Mafundi wengine walivitupa na kubandika vya kuokoteza, lakini yeye alivua kimoja kimoja, akakwangua gundi kuukuu kwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, akasugua shaba iliyo chini mpaka ikang'aa, akajaza plastiki pale ilipolika, akapulizia rangi tabaka juu ya tabaka, kisha akafumba macho na kukibonyeza, na kidole kikisikia tofauti yoyote na kitufe cha jirani, alianza upya.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, ambaye mnamwona hapa mbele, na siku ya posa alishaifungua rimoti ya baba mkwe kabla hajakaribishwa kiti. Mungu aliwajalia binti mwaka 1997 na kijana mwaka 2001.

Mwaka 1998 alifungua karakana yake katika chumba cha nyuma cha nyumba hii tuliyoachiwa na baba, chumba chenye dirisha moja tu, na kwenye dirisha hilo alifunga feni ya kutoa nje mvuke wa rangi na thina, kwa sababu kazi ile haifanyiki uani, vumbi likitua kwenye rangi mbichi kitufe kinakwaruza kidole. Agosti 2016 kaka yetu mkubwa, ambaye yupo hapa, alimaliza kujenga vyumba vya kupangisha upande ule wa dirisha, akamwambia, "Mdogo wangu, harufu yako inanifukuzia wapangaji," na dirisha likazibwa kwa matofali. Harufu haikwenda popote, ilibaki ndani, pamoja naye. Aliomba aachiwe hata tundu la kupitisha bomba, akaambiwa asubiri wapangaji wazoee, walipozoea akaambiwa ukuta umeshapakwa rangi, naye kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mkubwa wake, akameza. Mimi sikumeza siku ile na simezi leo, nina hasira, na siwezi kuificha mbele ya jeneza lake.

Alianza kukohoa mwaka 2019, na Oktoba 2021 daktari alisema mapafu yameharibiwa na mvuke, apate hewa au aache kazi, na kaka mkubwa alipoelezwa akasema ni sigara, kwa mtu ambaye hakuwahi kuvuta hata ya kuonja. Alifariki dunia hospitalini tarehe 6 Februari 2023, wifi yangu akiwa amemshika mkono. Kikao kilitaka niseme aliugua kwa muda mfupi. Haukuwa mfupi, tulimsikia akikohoa nyuma ya ukuta miaka yote hiyo, kila mmoja wetu aliyelala nyumba hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha nasi, wanamuziki wote mliosimamisha mazoezi yenu, na mafundi wenzake mliomtembelea bila kuchoka.

Kaka mkubwa, wewe sikushukuru. Tumetoka tumbo moja na nitaendelea kukuamkia, lakini jeneza hili huligusi, mafundi wenzake na binti yake wameshajipanga kulibeba, nawe nakuomba ubaki kwenye kiti hicho mpaka tutakapokuwa tumetoka.

Pumzika sasa, kaka yangu, kwa amani uliyonyimwa katika nyumba ya baba yako.