Aliyekamatwa Kwenye Foleni

Basi la Lushoto lilipanda mlima likikohoa, na Sefania alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Mbele yake, kijana aliyevaa suti alikuwa akimweleza mama mwenye jembe jinsi operesheni ya nguvu kazi, ya kuwaondoa mjini wasio na kazi, ilivyomrudisha kutoka Dar. “Mgambo alinikamata kwa uzururaji, mama, nami nipo kwenye foleni ya kuomba kazi.” “Si ungemweleza huyo mgambo?” “Anajua. Wiki iliyopita alikuwa nyuma yangu kwenye foleni hiyo hiyo.” Mama akatafakari. “Basi kazi zipo. Wewe ulichagua mno.”

Kwenye kona ya Soni basi likazima, kondakta akataka wanaume wote washuke wasukume. “Haya, baba, kazi nyingine hiyo,” mama akasema. Kijana akavua koti taratibu. Sefania, ambaye tangu Mombo hakupitwa na neno, akaanza kukoroma.